Kitanda cha Chumba Namba Saba

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha mchana ikakatika, ziwa limekaa rangi ya sufuria. Nipo Musoma, hotelini. Mimi, mtu wa Butiama niliyeishia darasa la tano.

Hii shajara nilifunguliwa na binti wa jirani kwenye simu. Alisema, mama, andika tu yanayokusumbua. Leo yananisumbua.

Hoteli yenyewe ni ya zamani. Ngazi za mbao, vitambaa vyeupe mezani, funguo imefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama mwiko. Nilipoingia jana nikasema, mbona hapa napajua.

Wegesa, mwanangu wa kwanza, alipokuwa shule alikuwaga ananisomea vitabu vya upelelezi nikichambua maharage. Kila kitabu kina hoteli kama hii. Kuna mwanajeshi mstaafu, kuna daktari, mjane tajiri, na bibi mmoja pembeni anafuma sufu. Mvua inafunga barabara, mtu anakutwa amekufa, halafu mpelelezi anawakalisha wageni wote sebuleni. Hapo ndipo unaona kila mmoja ana uongo wake. Mimi nilikuwaga namshuku yule anayekula peke yake. Nilikosea kila mara. Wegesa anacheka: "Mama, huyo hana kosa, ni mpweke tu."

Sasa anayekula peke yake ni mimi.

Na wenzangu wapo. Kuna mzee mstaafu na gazeti lake la wiki iliyopita. Kuna mama wa miwani myeusi, hasalimii mtu. Kuna bwana wa dawa za mifugo na sanduku lake, huyo nimemfanya daktari. Kila mtu na meza yake. Kwetu mkila hivyo watu watajua mmegombana. Bibi wa kufuma naye ni mimi, nina sweta ya mtoto wa miaka minne ambaye sijawahi kumshika.

Uongo wangu ninao pia. Baba Wegesa anajua nipo kwa dada yangu, Nyegina.

Acha niandike ukweli. Wegesa alizaa bila ndoa, baba yake akasema asikanyage kwetu. Akaja hivyo hivyo, mtoto mchanga mgongoni, siku ambayo baba yake yuko mnadani. Nilikuwa peke yangu ndani. Akabisha, "Mama, ni mimi." Nilisimama nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa woga. Alibisha mpaka mtoto akaanza kulia.

Sikufungua.

Mwezi huu akanitumia ujumbe. Anashona nguo Bunda. Kwetu hawezi kuja, na Bunda shangazi zake wamejaa kila kona, basi tukutane Musoma. Chumba ameshalipia mpaka kesho. Akasema atakuja na mtoto Jumapili, ndiyo leo, saa saba.

Jana nilipofunua kitanda nikakuta shuka nyeupe kama za altareni. Na miguu yangu hii ya shamba! Nikakifunika tena vizuri, nikatandika kanga chini, nikalala. Alfajiri nikaenda misa ya kwanza, nikabaki na ya pili. Begi nikabeba, naogopa wezi. Funguo nikaacha mezani mapokezi, hapakuwa na mtu. Simu nikazima, maana iliwahi kuniaibisha kanisani, na kuiwasha nikasahau.

Nimerudi saa tano, dada wa mapokezi akaruka.

"Mama! Kumbe upo? Si tulijua umeshaondoka!"

"Niende wapi, mwanangu?"

"Kitanda hakijaguswa, begi hakuna, funguo umerudisha. Tukamwambia yule dada aliyekuja na mtoto kwamba umeondoka."

Mzee mstaafu akachungulia juu ya gazeti. "Mimi nilimwona na begi lake alfajiri. Nikasema, huyu mama anakimbia bili!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikauliza alikuja saa ngapi.

Alisema saa saba, akaja saa tatu. Alishindwa kusubiri, mwanangu. Dada wa mapokezi anasema alikaa kwenye kiti cha mlangoni nusu saa, anapiga simu haipatikani. Mtoto akamuuliza bibi yuko wapi. Akambeba, wakaondoka.

Mara ya pili amenibishia, na mara ya pili sipo.

Nimepiga. Iliita mpaka ikakata, baadaye ikazimwa. Nimeandika: "Wegesa, sikuondoka. Nililala chini, niliogopa kuchafua shuka. Nilikuwa misa. Ile siku ya nyumbani nilikuwepo ndani, nisamehe. Leo pia nipo." Wapelelezi wote hao amewasoma yeye. Labda atanielewa. Labda hajafungua hata huo ujumbe.

Chakula cha mchana mama wa miwani amevuta kiti akakaa mezani kwangu. Akashika mkono wa sweta, akaupima kwa vidole. "Ongeza kidogo," akasema, "watoto wanakua." Nimeongeza.

Nimenawa miguu. Nitalala kitandani, nizivuruge shuka zote, kesho mhudumu akute mtu amelala hapa. Begi halitoki. Simu inawaka. Kiti nimekisogeza karibu na mlango, nafumia hapo.

Na akibisha mtu, hata awe ni wa kufagia, nitafungua kabla hajamaliza kubisha.