Mafuta ya Kondoo ya Akiru

Mama Akiru mpenzi,

Ejok. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kakuma, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ingawa baridi ya huku hupenya makoti mawili.

Nilikuja kumchukua binti yetu akafundishe Lodwar, kama tulivyokubaliana. Tikiti yake ninayo mfukoni, pamoja na kile kikopo cha mafuta ya kondoo ulichonipa nimpake kama baraka ya baba kabla ya safari. Lakini profesa wake anataka abaki miaka mitatu zaidi, na Akiru hatamjibu mpaka mimi nitamke neno.

Sasa sikiliza. Maabara nzima humwita profesa huyo "apa", kana kwamba yeye ndiye baba. Akiru ndiye aliyewafundisha. Jana alipoita, "Apa, njoo uone," tuligeuka wazee wawili.

Humo maabarani wao hutengeneza vitone vya mafuta visivyoonekana kwa macho. Ndani yake hutiwa RNA, yaani maagizo ya kuiambia seli itengeneze nini. Seli hukimeza kitone na kukifungia katika kifuko, na kitone kisipofunguka humo, maagizo huharibika bure.

Akiru alinionyesha picha mbili. Vitone vya profesa vilikuwa vimepangika tabaka juu ya tabaka. Vya Akiru vilijipinda ovyo.

"Vitone gani vitafikisha maagizo?"

Iliniuma kumpa mzee yule ushindi, lakini nimefundisha watoto kupanga mistari maisha yangu yote. Nikaonyesha vya profesa.

"Umekosea, apa. Hivyo hushikamana mno, vikabaki kifukoni. Vyangu hulegea, vikaungana na ukuta wa kifuko, maagizo yakatoka."

"Naye profesa alikubali?"

"Alibisha sana. Halafu akaniachia mashine, nifanye nionavyo."

Hilo liliniuma kuliko jina. Mkono wangu ulikuwa bado umeishika tikiti.

Nimemwambia abaki, Mama Akiru. Usinilaumu. Nilimpaka mafuta kwenye paji la uso palepale.

Nisalimie Ekai, mdogo wangu, asiwaache mbuzi wakazurura; na Mama Halima, jirani yetu wa dukani. Tikiti nitairudisha.

Mafuta yaliyobaki nakuletea. Profesa alipoelezwa maana yake, alivua miwani akainamisha kichwa, naye apakwe. Nilifunga kifuniko.

Ni mimi mumeo,
apa wa Akiru, wa pekee