Mtu wa Miaka Sitini na Moja

Jumanne, 8 Julai

Mdomo umeniponza. Kwenye kikao cha kamati ya mtaa nilisema tu kwamba mwaka jana picha ilitoka watu wamerundikana kama nguo kwenye beseni. Mwenyekiti akadaka hapo hapo: basi mwaka huu upange wewe! Makofi. Kabla hata sijakataa, kalamu na karatasi ziko mikononi. Likizo yangu ya kwanza baada ya miaka mitatu! Jana kufagia uwanja, Alhamisi kupuliza filimbi kwenye mbio za watoto, na sasa hili.

Picha ni ile ya kila mwaka: Jumamosi ya tatu ya Julai, mtaa mzima kwenye ngazi za shule. Watoto chini, vijana juu, waliofikisha sitini kwenye viti mbele, kwa umri, mkubwa aanzie kushoto. Haina ugumu, anasema Mwenyekiti. Yeye kazi yake kukaa tu.

Ijumaa, 11 Julai

Joto hadi kuku wamejilaza chini ya gari la Mwenyekiti. Na mimi nazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza watu umri. Sirudii! Kinyozi anataka kusimama katikati kwa sababu ana suti mpya. Mkewe nilimuuliza miaka yake kwa adabu zote, akaniuliza yangu, na kwa nini sijaolewa. Nikaandika "hamsini na kitu", nikaondoka.

Nimerudi nyumbani, nimepanga viti mezani kwa vipande vya karatasi. Halafu nikaona. Mama ana sitini na mbili. Mama mdogo katimiza sitini mwezi wa tano. Katikati yao hakuna mtu. Viti vinagusana.

Ee Mungu wangu.

Miaka sita hawa hawasemezani. Sita! Kwenye picha mama mdogo alikuwa anasimama nyuma kabisa, Mama anakaa mbele, basi, yanapita. Ni mambo ya Bibi. Alipougua, Mama alitaka alazwe hospitali. Mama mdogo akasema Bibi mwenyewe kaomba abaki kitandani kwake. Akabaki. Akafariki. Tangu hapo kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyekosea, na habari zote zinapitia kwangu. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima miaka sita, mgongo umekwisha, sijaona cha kuvuna.

Jumapili, 13 Julai

Mama ameiona karatasi. Nani alimwambia apekue? Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Alivua miwani, akasema nimtafutie mtu wa miaka sitini na moja, akae katikati.

Nikamwambia hayupo. Akasema mtaa wa watu tisini haukosi mtu wa sitini na moja. Nikamwambia basi mpeane migongo. Akasema nimkome, na chai yangu inapoa.

Jumatano, 16 Julai

Nimemtafuta mtu wa sitini na moja. Mimi! Mtu mzima na akili zangu! Mshona viatu ana hamsini na tisa. Mama wa duka la dawa sitini na tatu. Kwa mke wa kinyozi nimerudi tena, Mungu anisamehe, nikamsihi awe na sitini na moja kwa dakika tano tu. Amenifungia mlango.

Jioni nikapita kwa mama mdogo, nikitumaini yeye atakuwa na nafuu. Nikamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba umeshafungwa zipu. Ana uvimbe tumboni. Jumanne ijayo anapasuliwa. Aliyasema kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Halafu akanishika mkono: "Mama yako asijue. Akija kwangu, aje kwa kutaka, si kwa kunionea huruma."

Nikamwapia. Nina hasira nao wote wawili, na naogopa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimevunja kiapo. Sijuti. Uongo — najuta.

Mama alikuwa anamenya viazi, akaanza tena: mtu wangu wa katikati yuko wapi? Nikalipuka. Hakuna mtu wa katikati! Jumanne mdogo wako anapasuliwa tumbo, na wewe unanihesabia viti!

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea. Alimenya viazi vyote, kilo mbili nzima, na sisi tuko wawili tu. Kisha akaenda kulala.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nyuma ya karatasi ya viti, daftari liko nyumbani.

Saa tatu mtaa mzima ulikuwa kwenye ngazi. Mpiga picha tunamwita Tabasamu kwa sababu hana, na leo ndiyo kabisa. Mama alifika kabla ya wote, akakaa kwenye kiti chake, pochi akaiweka kwenye kiti cha pili. Kinyozi akajaribu kukaa pale. "Pana mtu hapo," Mama akasema.

Saa nne. Jua linachoma, watoto wanalia. Mwenyekiti ananiambia nimwambie Mama aondoe pochi. Mwambie wewe, nikamjibu. Hakuthubutu.

Mama akaniita niiname. "Amekataa kukaa na mimi, sivyo?" Sijawahi kumsikia na sauti ile.

Hapo ndipo ujumbe wa mama mdogo ukaingia — ulitumwa alfajiri, mtandao huu! Tumbo limembana usiku, yuko hospitali, madaktari hawangoji tena Jumanne. Pigeni tu picha yenu.

Nikamsomea Mama. Akasimama, akawageukia watu tisini: "Asiondoke mtu. Namfuata mdogo wangu."

Sasa ni saa saba. Benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Tulipofika walikuwa wameshamwingiza. Tabasamu amepiga simu mara nne: awaruhusu watu? Mke wa kinyozi anadai kwa umri wake hawezi kusimama juani. Leo ndiyo ana umri! Nimemweleza Mama taratibu kwamba hata mambo yakienda vizuri, mama mdogo hapigwi picha leo, wala wiki ijayo. "Wakae," akasema. Nimemwambia Tabasamu awapeleke kivulini kwanza, nitampigia. Nitampigia nimwambie nini?

Mlango umefunguka. Muuguzi kashika karatasi, anauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Mama ameshasimama. "Mimi! Mimi ni dada yake," anasema, kwa sauti ya kuamsha wodi nzima, na muuguzi bado hajasema kitu.