Bingwa wa Kabati la Gemu ni Mimi

Mshauri mpendwa, naomba msaada, ila ucheke kwanza umalize ndipo uendelee kusoma. Mume wangu ni mfamasia, mtu wa heshima zake, lakini alishikwa na wazimu wa kujitengenezea kabati la gemu, yale ya kuchezwa kwa kusimama, yenye kijiti na vitufe, basi sebule yangu ikageuka karakana, plaiwudi zimeegemea kochi, unga wa mbao mpaka kwenye sukari, na mdogo wake ambaye ni fundi umeme kila Jumamosi amelala chini anaunganisha nyaya, na mimi nikasema, mshauri, nilisema mpaka majirani wakajua, kwamba nimeolewa na mtoto na hilo jeneza lake sitaligusa ng'o. Alipomaliza akaweka mbele ya kabati kigoda cha kukanyagia ambacho wala hakitumii, maana yeye kichwa kinakaribia taa, nikamwambia hata mbao umezimalizia kwenye upuuzi.

Sasa siku moja napangusa vumbi, kitambaa kikagusa kitufe, likawaka, nikapanda kigoda nione vizuri, macho yakafika katikati ya kioo barabara, na tangu hapo akitoka tu kwenda kazini mimi napanda, sufuria zimeungua nikisingizia gesi. Shida ni kwamba kabati linatunza alama za bingwa, na juzi nilimpita mume wangu, nikampita mbali. Alipoziona akamwita mdogo wake, akamwambia, "Nilikupa ufunguo uje kurekebisha nyaya, siyo kushinda hapa unacheza." Shemeji akakana, akaitwa mwongo, akaacha ufunguo mezani akaondoka, na mpaka leo hawasalimiani, na mimi nilikuwepo nakunja nguo, nikakunja shati moja mpaka likachoka. Nikisema ukweli, maneno yangu yote yale niyaweke wapi? Nikinyamaza, nimegombanisha ndugu wa tumbo moja. Nifanyeje?

Mimi, Bingwa wa Siri

*

Bingwa wa Siri, pole kwa sufuria. Huruma yangu imeishia hapo. Shemeji yako kalala sakafuni Jumamosi zote akiunganisha nyaya unazozifaidi wewe, halafu unamwacha aitwe mwongo huku unakunja shati? Usinidanganye kwamba unaogopa ugomvi. Unaogopa kuchekwa. Utachekwa, dada, na utapona.

Usitume ujumbe wa simu, na usifute zile alama. Nakujua, umeshatafuta pa kufutia. Mpigie shemeji, mwambie mkosaji amepatikana, aje amwone. Wakishakaa wote wawili, yeye na mumeo, usihutubie. Panda kigoda ucheze mbele yao. Ukimaliza, muombe shemeji radhi kwa mdomo uleule uliokuwa ukigomba, na ufunguo umrudishie kwa mkono wako.

Kuhusu mumeo, naona barua yako umeiandika bila kuisoma. Mwanamume anayekaribia taa kwa kichwa alikaa akapima, akakata, akakipiga msasa kigoda asichokihitaji, na wewe uko pembeni unamsema. Unadhani alikuwa anampimia nani?