Kupunguza Vivuli ili Baba Aone Barabara

Jumapili ya Aprili, Busia. Mvua ilitukuta kanisani, lakini sasa jua limetoka na matope ya uani yameanza kukauka. Moyo wangu umejaa. Acha niandike kabla furaha haijapoa.

Leo baba ameendesha lori dakika ishirini bila kutapika.

Najua mtu akisoma hivyo atacheka. Lori lenyewe ni la mchezo wa kompyuta. Lakini mwenye kucheka hajui tulikotoka.

Baba yangu, mzee Wandera, aliendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana akapata kiharusi. Maneno yamerudi, mguu umerudi kiasi, ila mkono wa kushoto ulibaki umelala mapajani. Daktari wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa kubinya kila siku. Baba aliubinya siku tatu, kisha akauachia uende zake chini ya kitanda.

"Mimi si mtoto," alisema. "Huo mpira chezeni nyinyi."

Binamu yangu Owere, fundi wa kompyuta kule Tororo, ndiye aliyeleta wazo. Alikuja na mchezo wa kuendesha malori, usukani wa mitumba na gia yake ndogo ya kufunga mezani. Gia iko kushoto, kama kwenye malori yetu. Ukitaka gari liende, ule mkono uliolala lazima uamke. Daktari alipoulizwa alikubali: muda mfupi tu, na akisikia kizunguzungu aache. Owere akaunganisha nyaya, akarudi Tororo kazini.

Na mimi, kwa kutaka baba apate kitu kizuri, nikafungua mipangilio ya picha na kupandisha kila kitu hadi mwisho. Vivuli, maji yanayong'aa, majani, vyote juu. Sikujua nafanya nini. Niliona tu kwamba kilicho juu ndicho bora.

Laptopu yangu ni ya kuchapishia barua za watu dukani. Ilianza kunguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Picha ikawa inakwama, inaruka, inakwama tena. Baba alishika usukani, akajikaza, na kabla hajafika kona ya kwanza akatapika kwenye shati lake la Jumapili.

"Toa hii kitu," alisema. "Barabara nakuja vipande vipande."

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoionea haya. Nilikuwa nimechoka. Wiki nzima nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha, nimemsihi. Nikamwambia, "Basi kaa hapo kama gunia!"

Nilimwambia hivyo baba yangu.

Tangu hapo hakuniita. Akitaka maji, alimngoja mama arudi kutoka sokoni.

Siku ya tatu nilimpigia Owere nikilia. Hakunilaumu. Alinieleza polepole, na nashukuru kwa upole ule kuliko hata kwa usukani. Alisema kompyuta huchora picha nyingi kila sekunde, moja baada ya nyingine, na jicho huziona kama mwendo. Ukiipa kazi nyingi, inachelewa kuchora, na hapo ndipo tumbo la mtu linapovurugika.

"Nishushe vyote basi?" nikauliza.

"Hapana, dada. Ukishusha vyote hataona hata kibao cha barabarani. Badilisha kimoja, endesha kidogo, angalia. Kikikataa, kirudishe."

Sikumsikiliza vizuri. Nilishusha vyote. Ni kweli lori lilienda laini, lakini barabara ilikuwa kama imepakwa uji, na miti ilikuwa ikichomoka mbele yangu ghafla.

Kwa hiyo nikarudi mwanzo na daftari. Kila mchana kabla ya kurudi dukani nilibadilisha kitu kimoja. Kuna kitu kinachotia ukungu pembeni gari likienda kasi, eti kionekane kama sinema. Nikakizima. Kuna kingine kinachotikisa picha kila ukipita shimo. Nikakizima pia. Ukubwa wa picha nikaurudisha ulingane na kioo cha laptopu, na herufi za vibao zikasomeka. Vivuli nikaviondoa karibu vyote. Kumbe vivuli ndivyo vilivyokuwa vikiila kompyuta!

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akijifanya hatazami.

Siku moja nilipokuwa nikipunguza umbali wa kuona, alikohoa.

"Hapo wacha."

Niligeuka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile.

"Dereva natazama mbali," alisema. "Hiyo maua ya kando toa. Mbali niachie."

Nikaondoa majani na maua, nikarudisha umbali. Akasema kiti cha dereva kiko karibu mno na kioo cha mbele cha lori, anajiona kama amefungiwa kwenye kabati. Nikapanua upana wa kuona. Mwisho, kama Owere alivyonielekeza, nikaiwekea kompyuta kikomo: picha thelathini kwa sekunde, isizidi. Mwendo wa kupanda na kushuka ukaisha. Ukawa mmoja, umetulia.

Kabla hajashika usukani nilipiga magoti. "Baba, lile neno nililosema. Nisamehe."

"Mama," alisema, maana nimebeba jina la mama yake, Nabwire, "hata mimi nilikuwa nakaa kama gunia. Leta usukani."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Aliendesha dakika tano. Ijumaa nane. Mkono wa kushoto uliteleza, ukarudi juu ya gia.

Na leo ishirini. Mvua ilianza kunyesha ndani ya mchezo, akapunguza mwendo, akaegesha pembeni na kuzima injini. Nilidhani amechoka.

"Mvua kama hii ilinikuta Timboroa, kule milimani," alisema. "Siku ulizaliwa. Nimesimama, sioni mbele. Lori moja natoka Busia ikasimama, dereva ananiita kwa dirisha: Wandera, mama watoto amejifungua msichana, wote wazima."

"Ukafanya nini, baba?"

"Nililia kwa gari. Halafu nikaendesha polepole mpaka nyumbani. Wenzangu walinicheka, wananipita. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbiza gari kama mwendawazimu. Siku hiyo ndiyo nilianza kuogopa kufa."

Akawasha injini, akaingiza gia kwa mkono wa kushoto, akarudi barabarani.

Nina miaka thelathini na mbili, na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Asante Mungu kwa Owere, kwa daktari, kwa laptopu iliyochoka na bado inafanya kazi. Asante kwa baba aliyefika nyumbani kila mara.

Ni mangapi mengine aliyo nayo, na kwa nini sikuwahi kuketi kando yake nimuulize?