Tumbaku na Nyanya

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwagilia tangu alfajiri. Mgongo haunitaki. Baba alinitangulia kwenye matuta, amechutama, anakata machipukizi ya nyanya kwa kidole gumba na cha shahada. Tambuu shavuni, kama kawaida. Sikuamini macho yangu na bado siamini. Tangu Mama atutoke alikuwa amelala akiuelekea ukuta, sahani zikirudi kama zilivyokwenda. Miche hii nilimletea nimsumbue tu. Ikamwamsha. Siombi mavuno mimi. Naomba kesho aamke tena.

Jumatano, 6 Agosti
Majani mawili matatu yana mabaka. Kijani kibichi, kijani kilichopauka, kama leso iliyomwagikiwa dawa ya madoa. Nimeyachuma nikayafukia kabla Baba hajayaona. Pengine ni jua.

Ijumaa, 8 Agosti
Si jua. Tuta zima sasa. Majani mengine yamejikunja, yamekuwa membamba kama nyuzi. Baba ameyaona. Amezidi kuyapapasa, mche huu, mche ule, mstari mpaka mwisho.

Namshuku Mama Moraa, jirani. Juzi alisimama uani akazisifu: nyanya zenu zimenona. Hakusema mashallah. Mtu wa bara, pengine hajui. Lakini jicho halina bara wala pwani.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemnunia Mama Moraa siku nzima. Jioni akaniletea fungu la mnavu kutoka bustanini kwake. Yeye auita managu. Nikapokea kwa shukrani ya midomo. Nimeuchemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia tui. Mtamu, wallahi. Nimekula nimenuna. Mnavu wake hauna doa hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Matuta yote matatu yana mabaka. Sina usingizi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimetoka mtaani kwetu Shika Adabu hadi duka la pembejeo, jani limo mfukoni. Dada muuzaji hakulitazama mara mbili. Aliuliza nani nyumbani anavuta sigara. Nikamwambia hakuna. Akasema maradhi haya hukaa ndani ya tumbaku, hata ile iliyokauka. Tumbaku, nyanya, biringani, pilipili, viazi, mnavu, wote ukoo mmoja, na ndugu huambukizana. Hubebwa na mikono. Dawa hakuna. Ng'oa, choma, na atakayeshika miche mingine anawe kwa sabuni. Nikarudia, kwa ukali, kwamba kwetu hakuna mvutaji.

Nilikuwa nishavuka barabara nilipokumbuka kijaluba cha Baba. Tambuu, popoo, chokaa, na ile tumbaku anayoisaga kwa vidole kila asubuhi kabla hajatoka. Vidole vile vile. Nikakaa kwenye kizingiti cha duka la watu mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Nimemwomba radhi Mama Moraa. Kimoyomoyo. Kwa mdomo siwezi.

Alhamisi, 14 Agosti
Sijamwambia. Namwambiaje? Mtoto amwambie babake kwamba mikono yake inaua? Mikono iliyonilea. Kuna watu waliokosa radhi kwa dogo kuliko hilo.

Nimempigia kaka yangu Hamisi, yuko kazini Changamwe. Malori yanapiga honi nyuma yake. Amesema ni nyanya tu, nisikuze mambo. Ni nyanya tu. Yeye hakuona zile sahani zikirudi.

Baba leo ametoka kabla sijafungua mlango wa uani. Anashika kila mche, anadhani anauguza. Nimemtazama dirishani mpaka wali ukaungua.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeng'oa. Baba alipokwenda kuswali swala ya Ijumaa. Matuta yote. Nimechoma nyuma ya banda la kuku, nikapanda kunde mahali pake, maana kunde si ukoo wao. Uongo nilishautayarisha.

Amerudi na kanzu yake, akasimama. Nikamwambia mdudu kaingia, ilibidi. Akaitikia haya. Akaingia ndani. Kunde hakuzitazama.

Jumapili, 17 Agosti
Amelala. Uso ukutani. Chai imerudi na utando juu. Nimempa uji, umerudi. Nimempa ndizi, hata hakuigusa.

Najichukia. Nilijiona mwana mwema, namfichia mzee aibu. Kumbe nimemrudisha kitandani kwa mikono yangu mwenyewe. Nimezunguka nyumba, nimefagia ua mara mbili, nimegombana na kuku. Mama angalijua la kusema. Mama angalisema mara moja, tena kwa sauti, na yangaliisha.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimemwambia. Nilikaa chini kando ya kitanda, macho mkekani. Nikasema yote: tumbaku, ukoo, vidole, uongo wa mdudu. Sikujua sauti yangu inaweza kuwa ndogo vile. Kisha nikangoja nilaaniwe.

Kitanda kikalia, akawa amenigeukia.

"Ungalinambia, mwanangu," akasema. "Ningalinawa."

Basi. Nimekwenda kulia jikoni, kilio cha mtoto mdogo, na kifuniko cha sufuria mkononi. Nilimwogopa baba ambaye hayupo, nikamwumiza aliyepo.

Jioni alikunywa chai. Nusu kikombe.

Alhamisi, 21 Agosti
Miche mipya, udongo mpya, ndoo kuukuu upande wa pili wa nyumba. Nilipanga kimya. Sikumwita.

Alitoka mwenyewe, jua limeshapanda. Tambuu hajaiacha, wala sikumwomba aache. Alichukua sabuni, akanawa kwenye karai hadi viwikoni, akasugua chini ya kucha, akanawa tena. Halafu akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili. Akaigeuza viganja juu. Akangoja niikague.

Sikujua pa kuweka macho. Nimeikagua, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia iko safi, Baba.

Akaenda kwenye ndoo.