Mfuko Ulioandikwa Umepakiwa

Baba,

Kikosi cha mawasiliano na uhamishaji wa ndege ni kikosi cha anga kisichoangusha bomu: wakati wa vita hupeleka ndege zinakohitajika, na hubeba amri, maofisa na barua za askari. Ndivyo nilivyokianza kitabu ulichonitaka niandike. Katika vita vya Kagera ulikuwa mpakiaji wa kikosi hicho, na ulijisifu kwamba hakuna mfuko uliowahi kupotea mikononi mwako.

Ni kweli, haukupotea. Niliukuta baada ya arobaini yako, ndani ya sanduku la bati, chini ya sare zako.

Daftari lako lilikuwa humo humo. Nimelisoma kama ninavyosoma daftari la mtu yeyote. Mlikuwa na desturi ya kuandika "umepakiwa" kabla ndege haijapimwa uzito, ili rubani asicheleweshwe. Siku ile uzito ulizidi. Ukashusha mfuko wa barua, ukaiacha mizigo ya ofisa ndani ya ndege. Umeandika hivyo mwenyewe, kwa penseli, pembeni. Kwa maandishi mfuko ulikwisha kuondoka, na kuurudisha kungekuwa kukiri. Ukauficha. Uliogopa adhabu, hilo naweza kulielewa.

Nisiloweza kulielewa ni miaka iliyofuata, hapa Mbagala. Bahasha mojawapo ina jina la Bi. Zuhura, jirani yetu, ambaye jioni zote ulikunywa kahawa barazani kwake. Alipolalamika, "Mume wangu kafia vitani, hata mstari mmoja hakuniachia," ulimtania: "Shemeji, na ule mwandiko wake wa kuku, nani angeusoma?" Alicheka. Nilikuwepo, Baba. Nami nilicheka.

Msibani alifika wa kwanza. Alinishika mkono: "Mwanangu, baba yako ndiye aliyenifuta machozi." Hadi leo anakuwekea kigoda.

Bahasha sikuifungua, si yangu. Lakini macho ya Bi. Zuhura hayasomi tena, atanitaka nimsomee. Nakuahidi: Ijumaa nitampelekea, na sura inayokuhusu kitabuni haitapunguzwa hata neno. Pumzika, Baba, ukiweza.

Limebaki moja ambalo daftari lako halinijibu. Nitakapomaliza kumsomea, Bi. Zuhura atakuwa amempata mumewe, au atakuwa amefiwa nawe mara ya pili?