Jina la Okoth kwenye CD

Jumapili.

Heri ningekaa kwangu Komarock leo. Lakini nilikuwa na furaha ya kijinga: ile albamu niliyorekodi nilipoiacha bendi yetu ya roki imetolewa upya kwenye CD. Nikampelekea mjane wa Okoth nakala, kule Makongeni. Okoth ndiye aliyepiga dramu kwenye nyimbo zote.

Mama wa watu akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina ya wapigaji. Akafika chini, akarudi juu.

"Shemeji, mume wangu mmemweka wapi?"

Jina lake nililiondoa mimi, santuri ilipotoka mara ya kwanza. Tulikuwa tumekosana. Na juzi tu wanaoitoa upya waliniletea jalada wakauliza, "Mzee, kuna cha kurekebisha?" Nikaangalia picha yangu, nikasema liko sawa. Mpumbavu mimi!

Ningemwambia ukweli palepale. Badala yake nikasema wachapaji wamesahau.

"Basi si neno," akasema, akaniletea kalamu. "Liandike wewe, shemeji. Wewe ndiye uliyekuwepo."